Manjano ya Singo na Tyubu Tupu

Kabla hamjasoma, nyoosheni mikono muitazame. Kiganja, kisha mgongo wa mkono, kisha kucha. Tazameni hasa pale kucha inapokutana na nyama. Mkiona kitu, nendeni mkaoshe ndipo mrudi. Mie sina haraka, nshastaafu.

Naitwa Bi Riziki. Skuli niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Maabara niliingia na ndoo na tambara, kazi yangu kupiga deki na kuosha vyombo vya kioo. Nimetoka nikiwa mtu wa kutayarisha damu kwa ajili ya mashine ya leza, na wenye shahada zao wakisimama mlangoni kuniuliza kama maji ya kuoshea yako tayari. Sikujipandisha mwenyewe. Nilishikwa mkono na watu, na hao ndio walionifanya nikubali kuandika. Daktari Salma aliponiomba niwaandikie nyinyi mnaoanza, nilimwambia mkono wangu mzito. Akanambia, "Andika kama unavyotugombeza." Haya. Kaeni vizuri.

Mtakuja na majina marefu kutoka chuoni. Siyakatai. Lakini kazi yenyewe nawaeleza kama nilivyoelezwa na Mzee Makame, fundi wa maabara aliyenifunza, siku aliponiona nimesimama na tambara langu nikiikodolea macho ile mashine.

Alisema hivi. Ndani ya damu mna seli nyeupe, nazo ni askari. Kila askari mzuri ana breki. Breki yenyewe ni protini, imekaa juu ya ngozi ya seli. Bila breki, askari akishaanza kupiga hanyamazi, atapiga mpaka watu wa nyumbani mwake. Kwa hivyo Mungu kaweka breki, na ni rehema. Sasa saratani ni mwizi aliyejifunza kukanyaga breki ya gari la polisi. Gari lipo, askari wamo ndani, mafuta yamo, haliendi. Madaktari wanataka kujua mgonjwa huyu askari wake wangapi wamejaa breki, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Nikamuuliza, mnazionaje na jicho halioni? Akanambia wanatumia kingamwili zilizotengenezwa zote za ukoo mmoja, zinazojua kushika kitu kimoja tu duniani. Kama zimetengenezwa kushika breki hiyo, zitaishika hiyo, nyengine haziijui. Kila moja imefungwa rangi inayong'aa. Unazitia kwenye damu, zinashika panapowahusu, unaosha zilizobaki, kisha mashine inazipitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Seli yenye breki inang'aa. Isiyo nayo inapita kimya. Mashine inahesabu.

Basi. Mtu akikueleza kwa maneno magumu zaidi, msikilize kwa adabu, kisha rudi hapa.

Hizo kingamwili zenye rangi haziutaki mwanga. Ukiziacha mezani dirisha wazi, rangi inafifia na kazi yako imekwenda. Mzee Makame alikuwa akizivika karatasi ya fedha na kuzitia kwenye friji upande wa giza. Mie mtaani kwangu ni somo, nimewafunda wasichana wengi kabla ya harusi zao, nikamwambia, "Kumbe hawa ni wali." Kwa sababu mwali naye haoneshwi jua. Anakaa ndani, anafunikwa, anasubiri siku yake, na akitoka ndipo watu wanaona alivyong'aa. Mzee Makame alicheka mpaka akavua miwani. Tokea siku hiyo chumba kizima kikawaita hivyo, na mpaka leo mtasikia, "Rudisha mwali ndani, usimuanike."

Jina hilo lilituletea mkasa mmoja. Alikuja kijana wa mafunzo kutoka bara, mtoto mzuri, mwembamba, mwenye njaa ya kudumu. Mchana mmoja akanisikia nikimwambia mtu kwamba wali wamo kwenye friji. Nikamkuta ameinama, kichwa chote ndani ya friji, kijiko mkononi. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Wali, bibi." Nikamwambia, "Mwanangu, mie nimesema wali wamo. Ungekuwa wa kula, ningesema umo." Akajifunza Kiswahili na maabara siku moja.

Kwenye friji hiyo hiyo nilishafanya kosa langu la mwanzo. Ilikuja chupa mpya ya mwali, ndogo kama chupa ya wanja, na kila mtu alikuwa akiizungumzia kama yai. Nikaona watu wazembe, wanaiacha kwenye ubaridi wa kawaida. Mie najua samaki akitaka kukaa lazima agandishwe. Nikaitia kwenye friza. Asubuhi Mzee Makame akaikuta imekuwa jiwe. Hakunigombeza. Aliiweka mezani baina yetu akaniuliza, "Riziki, maziwa ukiyagandisha kisha ukayayeyusha, yanarudi maziwa yale yale?" Nikasema hayarudi, yanakatika. "Na huyu naye kakatika." Kisha akaniandikia kwa herufi kubwa kwenye mlango wa friza: HAPA SAMAKI TU. Samaki hakuwemo hata mmoja, lakini nilielewa.

Namshukuru mzee yule kwa mambo mengi, na kubwa ni kwamba alinifunza kwa vitu nilivyokuwa nnavyo. Nilipokuwa sielewi kwa nini rangi mbili zikitiwa pamoja lazima pia tuzipime kila moja peke yake, aliniuliza nikifua kanga mpya nyekundu pamoja na nyeupe inakuwaje. Inachuja, nikamwambia, nyeupe inatoka na madoa. "Basi na hizi zinachujiana. Lazima ujue nyekundu inachuja kiasi gani, ndipo ujue doa lipi ni la nani." Nilipokuwa natia mwali mwingi nikidhani nasaidia, akaniuliza kama mchuzi ukizidi chumvi unakuwa mtamu zaidi. Na kuhusu seli zilizokufa alinionya kwamba maiti hana haya, anashika kila rangi inayopita, kwa hivyo lazima nazo zitiwe alama yake zitolewe kwenye hesabu, zisije zikawasingizia walio hai.

Kuosha ndiko kulikonichukua muda. Kuosha seli si kuosha sahani. Unatia maji yake maalumu, unazungusha kwenye mashine mpaka seli zikae chini kama mashapo, kisha unamwaga maji ya juu. Kumwaga kwenyewe ni mara moja, kwa mkono mmoja, bila kurudi. Mkono ukisita, maji yanarudi nyuma na kuzichukua seli. Niliharibu nyingi za mazoezi. Mzee Makame alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema maneno yale yale, "Umeshaamua kumwaga, mwaga." Baadaye nikaja kuona maneno hayo yanafaa na kwengine.

Na jengine alilonifunza ni tyubu tupu.

Sikilizeni hapa, maana mkinisahau kwa yote, hili mbaki nalo. Tyubu tupu ina seli. Ni damu ile ile, imeoshwa kwa maji yale yale, imekaa muda ule ule. Utupu wake ni kwamba haina mwali ndani. Mtu mgeni anaona ni upotevu wa damu. Mzee Makame alisema, "Hiyo ndiyo shahidi wako. Kama na yeye anang'aa, basi kila kilichong'aa leo ni uongo." Akanambia tyubu tupu ndiyo ya kupitishwa mwanzo kabisa, hata kama kuna mtu anakuharakisha. Kisha akastaafu akenda kulima mihogo yake, akaniachia nafasi na koti lake jeupe, ambalo lilikuwa likinifika vifundoni.

Alipoondoka Mzee Makame ndipo akaja Daktari Salma. Alikuwa kijana, katoka kusoma, kichwa chepesi kama wembe. Shikamoo yake haikosi asubuhi, na mie marahaba yangu haikosi. Utafiti wake ulikuwa ni huo wa breki kwa wanawake wenye saratani: apime damu ya kabla ya dawa, kisha ya baada, aone breki zimezidi au zimepungua. Mwalimu wake alikuwa mbali, nchi za nje, na kila wiki alikuwa akitaka kujua umefika wapi.

Siku moja akaja mama kutoka Tumbatu, Bi Miza, makamo yangu. Alikuwa avuke kesho yake kwa boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam kuanza dawa. Alikubali kutoa damu ya utafiti, lakini alikuwa na maswali, na wakanipa mie nikae naye kwenye benchi, wazee kwa wazee. Nesi alihangaika sana kuupata mshipa. Damu ikatoka kidogo, pungufu ya ile tuliyoitaka. Bi Miza akaitazama ile tyubu mkononi mwangu.

"Nani ataishika hiyo?"

"Mie."

"Basi mie nshakuona wewe. Daktari ataniambia ya ugonjwa. Damu yangu nitakuuliza wewe imesema nini."

"Nitakwambia imesema nini," nikamjibu.

Nawaeleza hili ili mjue uzito wake. Damu ya kabla ya dawa haipatikani mara mbili. Dawa ikishaingia mwilini, ya kabla imekwisha, hata ukiitafuta kwa taa. Na yeye angeondoka alfajiri, na mshipa wake ulishakataa. Kilichokuwemo ndani ya ile tyubu ndicho hicho, hakuna chengine.

Sasa njooni kwenye mikono yangu.

Siku iliyotangulia kulikuwa na harusi mtaani kwetu Kiembe Samaki, na mie ndiye niliyekuwa somo. Nilikaa tokea adhuhuri nikisaga singo ya bibi harusi kwenye jiwe: liwa, manjano, karafuu, mawaridi, na mafuta kidogo ya kuifanya ishike. Asiyewahi kuisaga hajui. Singo yangu watu walikuwa wakija kuinusa kutoka mtaa wa pili. Nikamsugua yule mtoto mpaka akawa kama tango lililomenywa. Usiku huo vidole vyangu vilikuwa vya njano mpaka kwenye kifundo cha kwanza. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, manjano hayasikii. Nikajiambia, kesho nitavaa glavu, nani ataona.

Glavu nilivaa, kwenye damu. Kosa nililifanya kabla, asubuhi, nilipokuwa natayarisha maji ya kuoshea. Maji si damu, nikaona ni kazi ya jikoni tu, sikuvaa kitu. Nikamimina kutoka chupa kubwa kwenda chupa ndogo, na lile tone la mwisho likawa linateremka ubavuni. Nikafanya ambalo nyinyi nyote mmewaona mama zenu wakilifanya na chupa ya mafuta ya kupikia: nikaukomba mdomo wa chupa kwa kidole. Tena si mara moja. Kila nikimimina, nakomba.

Tukaanza kazi ya damu ya Bi Miza. Salma akatazama kiasi kilichokuwemo, akasema ni kidogo, tutafanya zenye mwali tu, tupu tuiache leo. Nilinyamaza. Yeye ndiye daktari, mie ni mtu wa ndoo aliyepanda. Nikaosha, nikamwaga, nikaosha tena. Mkono wangu siku hiyo haukusita hata mara moja, na nilijisifu moyoni.

Kwenye kioo cha kompyuta kila seli ni nukta. Zisizong'aa hujikusanya upande wa kushoto, zinazong'aa zinahamia kulia. Kwa kawaida unaona kundi kubwa kushoto na kikundi kulia. Siku hiyo nukta zote zilihamia kulia, kama watu waliosikia kunagaiwa sadaka. Breki tulikuwa tumeivisha rangi ya kijani, na kijani kilijaa kote. Salma alitia mkono mdomoni. Kisha akachukua simu yake akaanza kuandika kwa yule mwalimu wake.

"Bi Riziki, tazama. Askari wote wa huyu mama wana breki. Wote. Hii haijawahi kuonekana."

"Wote?"

"Wote."

"Mwanangu, lini uliwahi kuona mtaa mzima ukakubaliana jambo moja?"

Akageuka kunitazama. Nilikuwa naogopa, nawaambia kweli, lakini niliona kama Mzee Makame kasimama nyuma yangu. Nikamuuliza ile tupu ingesemaje.

"Sikuiweka. Unajua damu ilikuwa kidogo."

"Iweke."

"Ni damu ya Bi Miza. Nikiitia kwenye tupu kitabaki nini?"

"Matone mawili tu, Daktari. Bila ya shahidi hata hicho kilichobaki hakina maana."

Aliifanya, nusu kwa heshima na nusu kwa hasira. Nikaiosha kwa maji yangu yale yale. Tukaipitisha. Tyubu isiyo na mwali hata chembe ikang'aa kama nyengine.

Salma akasema mashine imechafuka. Akaiosha mashine, akaipitisha tena. Ikang'aa. Akasema labda leza ina hitilafu, itabidi aitwe fundi. Nikajua fundi anakuja kwa siku zake, na damu haingoji fundi. Hapo nilikuwa nimevua glavu ili nivae mpya, na macho yangu yakaniangukia vidoleni.

Sitawaficha nilichokifikiri. Nilifikiri kwamba hakuna aliyeona. Nilifikiri kwamba fundi atakuja, atafungua, atafunga, itasemwa ni mashine. Nilifikiria koti langu jeupe na ile ndoo niliyoitoka, na nilivyowaambia majirani kwamba mie sasa natayarisha damu. Na nilimfikiria mtu aliyekaa nami kwenye benchi akanambia nshakuona wewe.

Umeshaamua kumwaga, mwaga.

"Si mashine," nikasema. "Ni mie." Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, mbele yake. "Jana nilikuwa somo."

Salma akavitazama vidole. Akainama akavinusa.

"Singo?"

"Singo."

"Umegusa wapi?"

"Nimekomba mdomo wa chupa ya maji."

Aliiweka simu yake mezani, uso chini. Ule ujumbe wa mwalimu alikuwa bado hajaupeleka. Akafumba macho kidogo, na nilipoona anayafumba nikajua nimekwisha. Alipoyafumbua hakusema neno la ukali. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayeyaeleza na nafsi yake, kwamba manjano nayo yana mng'aro wake, na chini ya ile leza yanang'aa kijani, pale pale tulipoiweka breki. Vidole vya njano, mashine inaona kijani. Seli zote za Bi Miza zilikuwa zimepakwa singo.

Kisha akasema, "Nenda kasimame kule dirishani."

Nikenda. Nilidhani ndiyo mwanzo wa kufukuzwa.

"Tia mikono ndani ya buibui, usiguse kitu. Nambie hatua moja moja. Mie tokea nije hapa sijawahi kuosha peke yangu, umekuwa ukinioshea wewe."

Basi nikasimama dirishani kama mtu aliyefungwa mikono, na mtoto yule msomi akatengeneza maji mapya kwa mkono wake, akachukua damu iliyobaki, ambayo ilikuwa haifiki hata kifundo cha kidole, na mie nikawa namwambia. Tia hapo. Funika, mwali asione mwanga. Subiri, usimharakishe. Zungusha. Ilipofika kumwaga, nikamuona anaishika tyubu, anaiweka, anaishika tena.

"Usisite," nikamwambia. "Mara moja."

Akamwaga mara moja. Mashapo yakabaki.

Tyubu tupu ilipita mwanzo. Nukta zote zikajikusanya kushoto, giza, kimya, kama watu waliolala. Sijawahi kufurahi kuona kitu kisichong'aa kama siku ile. Kisha yenye mwali. Kundi kubwa likabaki kushoto, na kikundi kikahamia kulia.

"Wachache," Salma akasema.

"Wachache, lakini wenyewe."

Akaufuta ule ujumbe, akaandika mwengine mfupi. Sikuuliza kaandika nini.

Kesho yake kwenye kikao aliwaambia wote kwamba maji yalikuwa na manjano na Bi Riziki ndiye aliyeyagundua. Nikainua mkono nikamsahihisha, nikasema niliyatia mie, kisha ndiyo nikayagundua, na iandikwe kwa mpango huo. Waliguna, wengine wakacheka. Hakuna aliyenirudisha kwenye ndoo. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule mtoto, maana angeweza kunivunja siku ile, badala yake akanifanya mwalimu wake.

Tokea hapo nikaliacha jiwe la singo. Hapakuwa na aliyeniamrisha, ni mie mwenyewe. Watu wa mtaani hawakunielewa. Walisema Riziki kaajiriwa, sasa anaona karaha kusaga. Mjukuu wangu mkubwa alipoolewa, nilikaa kwenye kiti, mikono mapajani, nikawa naelekeza kwa mdomo huku wengine wanasaga, tena wanasaga vibaya. Iliniuma. Lakini kesho yake kulikuwa na damu ya mtu inanisubiri.

Bi Miza alirudi kwa damu ya baada. Ya ugonjwa wake siandiki, ni yake na watu wake. Alinikuta kwenye benchi lile lile, akaketi, akavuta pumzi.

"Riziki."

"Naam."

"Damu yangu ilisemaje?"

Nikamwambia mara ya kwanza ilisema uongo, na uongo ulikuwa wangu, si wake. Nikamweleza yote: harusi, jiwe, chupa, kidole. Nikamweleza na mara ya pili, tulivyobakisha kidogo na kidogo hicho kikasema kweli. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilikuwa tayari aninyanyukie.

"Kwa hivyo damu yangu imepakwa singo," akasema.

"Imepakwa."

"Basi haikupotea. Mie nilipoolewa hapakuwa na wa kunipaka." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika mgongo. Nesi akaja na sindano yake. Bi Miza akaanza kukunja mkono wa nguo, kisha akasita, akanitazama.

"Onesha mikono kwanza," akanambia.

Nikaionesha. Kiganja, mgongo, kucha. Akaitazama kama anayenunua samaki, akaridhika, akatoa mkono wake.

Hiyo ndiyo asili ya lile mnalolifanya pale mlangoni kila asubuhi, na baadhi yenu nasikia mnalalamika kwamba ni mambo ya kitoto. Si yangu, wala si ya Daktari Salma. Aliyeliweka ni mgonjwa, naye alikuwa na haki nalo.

Mie leo asubuhi nimesaga singo. Binti wa jirani anaolewa Alhamisi. Nimekaa na jiwe langu baada ya miaka yote hiyo, mkono umekuwa mzito, lakini harufu ilipopanda akaja mtu kutoka mtaa wa pili kuuliza nani anasaga. Naandika haya vidole vyangu vikiwa vya njano, na karatasi imeingia madoa, mtanisamehe.

Wiki ijayo nitapita kuwaona. Sitaingia ndani. Nitasimama pale mlangoni, mikono ndani ya buibui, na nyinyi mtanyoosha yenu niione.